Kukadiria samaki wa ghuba kwa kuhesabu minyoo na kombe: hesabu yangu imekaa sawa?

Mwanaghuba:

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naomba wenye uzoefu wa bahari wanisaidie kabla sijasimama mbele za watu na namba isiyo na miguu.

Nasoma shahada ya uzamili na utafiti wangu uko Ghuba ya Chwaka, mashariki ya Unguja. Nataka kujua hivi: ukiangalia viumbe wasio na uti wa mgongo wanaoishi kwenye sakafu ya ghuba, yaani minyoo, kombe, konokono, kaa wadogo na vijikamba, unaweza kukadiria ghuba ina uwezo wa kutoa samaki kiasi gani kwa mwaka?

Sampuli nimechukua wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa zaidi, maji yakiwa yamekupwa, kwa bomba la PVC lenye kipenyo cha sentimita 10. Sehemu ni tatu: tope la ukingoni mwa mikoko, nyasi bahari, na mchanga mtupu. Nikachekecha kwa chekeche la milimita 1, nikahifadhi kwenye fomalini, kisha nikakausha, nikachoma kwenye tanuri, nikapata uzito mkavu bila majivu. Data zenyewe bado nazikagua, kwa hiyo hapa tutumie namba ya mfano tu: gramu 8 kwa mita ya mraba.

Ghuba ni kama kilomita za mraba 50. Gramu 8 mara mita za mraba milioni 50 ni tani 400. Tunafundishwa kwamba ngazi moja ya ulaji hupitisha asilimia 10 kwenda ngazi ya juu yake, basi samaki ni tani 40. Kamati ya wavuvi wameniomba namba, wanataka kuitumia kuamua madema (mitego ya samaki) mangapi yaruhusiwe. Niwape hiyo 40?

Fundi_wa_Maabara:

Usiwape. Kaa kitako kwanza tuizungumze.

Mimi si profesa. Nimefanya kazi ya maabara ya bahari mpaka nikastaafu, na tope la ghuba kama hiyo nimelichekecha mpaka kiuno kikagoma. Vijana wengi nimewaona wakija na hesabu kama yako, na karibu wote huanza kwa kuruka hatua ileile: umezidisha biomasi, wakati ulichotakiwa kuzidisha ni uzalishaji.

Hizo gramu 8 ni kilichokuwepo siku ulipozamisha bomba. Samaki hali kilichokuwepo siku hiyo tu, anakula kinachozaliwa na kukua mwaka mzima. Ukihesabu kuku bandani leo hujajua mayai ya mwaka. Kwa hiyo unatafuta uwiano wa uzalishaji kwa biomasi, ule unaoandikwa P/B. Mnyoo mdogo wa tope, anayekua upesi na kufa upesi, anaweza kuzalisha mara tatu, nne au zaidi ya uzito wake kwa mwaka. Kombe mzee mwenye gamba zito anaweza asifike hata mara moja. Kwa hiyo huwezi kuchukua uwiano mmoja ukaupaka ghuba nzima. Gawa viumbe wako kwa makundi na kwa ukubwa kwanza. Kuna Mjerumani, Thomas Brey, ametengeneza njia za kukadiria P/B kwa kutumia uzito wa kiumbe, joto la maji na kina. Zinasaidia sana, ila data nyingi zilizo nyuma yake zimetoka bahari za baridi. Maji yetu ni ya moto mwaka mzima, usiyachukue matokeo kama msahafu.

Hatua ya pili: nani kati ya hao analiwa? Swali hili lina zaidi ya miaka 100. Mdenmark mmoja, C. G. Johannes Petersen, alitaka kujua sakafu ya bahari ya kwao ina thamani gani kwa uvuvi. Akatengeneza chombo chenye mataya mawili kinachoshushwa kwa kamba na kung'ata kipande cha sakafu ambacho ukubwa wake unajulikana. Taarifa yake ya kwanza ya kuithaminisha bahari kwa njia hiyo ilitoka 1911. Kilichonivutia kwake ni kwamba hakuishia kupima uzito. Aliwagawa viumbe mafungu mawili, wenye faida kwa samaki na wasio na faida. Akaona kwamba sehemu kubwa ya uzito uliolala pale chini ni ya hao wasio na faida, wenye magamba magumu au miili ambayo samaki wa kuliwa hawaigusi.

Fanya hivyo na wewe. Kiti cha pweza kimoja, yule mnyama wa umbo la nyota, kikiingia kwenye sampuli kinapandisha uzito vizuri sana, na hakuna samaki kama changu atakayekipigania.

Hatua ya tatu: hao wanaolika, je, wote wanaingia tumboni mwa samaki? Kaa wanakula. Pweza anakula kaa na kombe. Ndege wa pwani wanaokuja kutoka kaskazini ya dunia msimu wa kaskazi wanashinda juu ya mchanga maji yakikupwa, wanachokoa minyoo kutwa. Kinachobaki kwa samaki ni fungu.

Ndipo sasa uje kwenye hiyo asilimia 10 yako. Wastani huo upo kwenye vitabu na watu wazima wanautumia, lakini ni wastani. Mahali pamoja ni 5, pengine ni 15.

Twende kwa mfano wako. Gramu 8, P/B tuseme 2.5, unapata gramu 20 za uzalishaji kwa mwaka. Wanaolika asilimia 60, zinabaki 12. Samaki wapate nusu, 6. Asilimia 10 yake ni 0.6. Huo ni uzito mkavu bila majivu, na samaki mbichi sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo zidisha kama mara 5: gramu 3 za samaki mbichi kwa mita ya mraba. Ni tani 3 kwa kilomita ya mraba, tani 150 kwa ghuba nzima. Tayari umeshatoka 40 ukaenda 150. (Zile 40 zako pia zilikuwa uzito mkavu, hukuzigeuza.)

Sasa chukua makadirio ya chini kila mahali: P/B 1.5, wanaolika asilimia 40, fungu la samaki 30, upitishaji 5. Unapata gramu 0.36, yaani tani 18 ghuba nzima. Chukua ya juu: P/B 4, asilimia 80, 70, na 15. Unapata gramu 13.44, yaani tani 672. Hakuna namba hata moja hapo ambayo mtaalamu angeruka kuikataa, na bado ya juu ni zaidi ya mara 37 ya ya chini. Nani atagawa madema kwa namba hiyo?

Tena huo ni uzalishaji wa samaki. Mavuno ni kitu kingine. Ukivua chote kinachozalishwa, mwakani utavua maji.

Dau_la_Mzee:

Ndiyo maana mie nasema usomi mwingine ni kujichosha. Nenda dikoni, samaki wanaposhushwa, muulize bwana diko anachoandika kila siku, chukua daftari, jumlisha. Samaki wanahesabiwa wakiwa nje ya maji. Minyoo ya nini?

Mwanaghuba:

@Dau_la_Mzee nashukuru kaka, daftari la diko ninalo kwenye mpango. Ila linaniambia kilichovuliwa, haliniambii ghuba inaweza kubeba nini. Ghuba ikiwa imeshavuliwa kupita kiasi, daftari litaonyesha kidogo, nami nitasema uwezo wake ni kidogo.

@Fundi_wa_Maabara nimekupata, mzee wangu. Kwa hiyo tatizo ni viwango tu? Nikipata P/B nzuri na nikachambua wanaolika, namba itasimama?

Fundi_wa_Maabara:

Haijasimama bado. Nilikuwa nangoja uniulize.

Chwaka kunavuliwa nini zaidi kwa dema? Umeshakaa pale dema likifunguliwa? Tasi na pono. Tasi anakula mwani na majani, pono wa nyasi anang'ata nyasi na vinavyoota juu yake. Hawa hawapandi kupitia mnyoo wako hata kidogo. Njia yao ni fupi, kutoka jani moja kwa moja kwenda samaki. Ukikadiria ghuba kwa minyoo peke yake umewaacha nje samaki wanaojaza madema, halafu unawapa wenye madema namba hiyo. Umeona kituko?

Wa kwako wewe ni wengine: changu, chaa, mkundaji, taa. Mkundaji ana ndevu mbili chini ya kidevu, anapita akipekua mchanga nazo. Chaa ana mdomo unaochomoka kama mrija, anafyonza mchanga na kutema, kilicho hai kinabaki. Taa anasaga magamba, akiondoka anaacha shimo mchangani. Hao ndio wanaokuunganisha na chekeche lako. Kwa hiyo kadirio lako liite kwa jina lake: uwezo wa samaki wanaokula viumbe wa sakafu. Uwezo wa ghuba ni habari nyingine.

Nakurudishia Petersen kidogo, maana kisa chake kina mkia. Yeye aliamini chakula cha bahari ya kwao kimesimama juu ya nyasi bahari zinazooza. Miaka ya 1930, yeye ameshafariki, nyasi zile zikashambuliwa na ugonjwa pande zote mbili za Atlantiki ya kaskazini, zikafa maeneo makubwa. Kwa hesabu zake uvuvi ulikuwa uporomoke. Haukuporomoka kiasi hicho. Vijimea vya kijani vinavyoelea majini na vinavyoota juu ya tope vilikuwa vinalisha zaidi ya alivyodhani. Mtu aliyeanzisha fani nzima, na mnyororo wa chakula ukampita.

Huyo @Dau_la_Mzee msimdharau, daftari la diko ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni matumbo. Nunua samaki dikoni, wapasue, uone wamekula nini.

Bi_Mkubwa_Uroa:

Assalaam alaykum wanangu. Mimi si msomi, mjukuu wangu ndiye amenionyesha hapa, naye ndiye anayeniandikia. Nina neno.

Wewe mwanangu unayechukua tope kwa bomba, ulichukulia wapi? Watafiti wanaokuja wanateremka na njia ileile tunayoteremka sisi, wanachukua pale pale karibu na njia, kwa sababu maji yakirudi wanaogopa. Pale wanawake tumeshapita. Bamvua likikauka saa nne asubuhi, sisi saa tatu tuko njiani na ndoo. Kombe wa pale wameokotwa tangu bibi zetu. Ukisema ghuba ina kombe wachache, umehesabu tulichobakisha.

Na jingine. Kombe nikimla mimi na wanangu, hajapita kwa samaki yeyote. Ni kitoweo tayari. Wewe unampeleka kwa samaki, unampunguza mpaka anabaki fungu moja la kumi, halafu unasema ndio uwezo wa bahari. Sasa kombe wangu, chaza wangu, pweza wangu nimwandike wapi? Kamati wanakaa wanaume, wanazungumza madema, sisi tunaokwenda kwa miguu hatumo.

Tena usichanganye shamba la mwani na nyasi. Chini ya kamba za mwani pakikanyagwa kila siku hapabaki kitu kile kile.

Mwanaghuba:

Alaykum salaam bibi, shikamoo. Umenigusa penyewe. Vituo vyangu viwili kweli viko karibu na njia ya kuteremkia. Nitaongeza vya mbali, na kimoja ndani ya shamba la mwani kikiwa peke yake. Nikija Uroa nitakutafuta, unionyeshe.

Bi_Mkubwa_Uroa:

Marahaba mwanangu. Njoo bamvua, usije maji mafu, yasiyokupwa sana, hutaona kitu. Na viatu vya kufunga, pana miiba.

Fundi_wa_Maabara:

Bi Mkubwa amemaliza kila kitu, mie naongeza chumvi tu. Hilo la mwani lina ushahidi: watafiti waliolinganisha mashamba ya mwani na nyasi zisizolimwa hapo hapo Chwaka walikuta mashambani nyasi ni chache na wanyama wa sakafuni ni wachache. Na kilimo chenyewe kiko Unguja kibiashara tangu mwaka 1989, kwa hiyo kuna maeneo yameshikwa na kamba za mwani miaka na miaka.

Hilo la kombe kuwa kitoweo moja kwa moja, mwanangu, liandike kama safu yake yenyewe kwenye jedwali, kabla ya safu ya samaki. Anayeokotwa na mtu mtoe kwenye hesabu ya chakula cha samaki, muweke upande wa mavuno. Ukimwacha pande zote mbili umemhesabu mara mbili. Ukimwacha upande wa samaki tu, umemnyima Bi Mkubwa haki yake.

Mkwale_wa_Gazi:

Salaam kutoka Kwale, Kenya. Huku Gazi tuna ghuba ndogo kuliko hiyo yenu, mikoko nyuma, nyasi katikati, mito miwili, Kidogoweni na Mkurumudzi. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, hatuwakosi, na wageni nao. Niseme mambo mawili ambayo hapa hayajasemwa.

La kwanza, samaki hawalali ghubani. Maji yakijaa wanaingia kula, yakikupwa wanatoka. Wengine wanakulia kwenye nyasi wakiwa wadogo, wakikomaa wanahamia mwambani, na wanavuliwa huko nje. Chakula kimeliwa Gazi, samaki kapimwa kwingine. Na wewe ukisimama diko la Chwaka utawakosa wale waliokula Chwaka wakavuliwa nje ya mwamba.

La pili, kuna mahali mnyama wa sakafuni ndiye uvuvi wenyewe. Ghuba ya Ungwana kule kaskazini, mito ya Tana na Sabaki inapomwaga tope lake, kinachotafutwa ni kamba wa kuliwa. Meli za kukokota zilisimamishwa 2006 baada ya mvutano mrefu na wavuvi wadogo, zikarudi 2011 kwa masharti. Hapo hakuna aliyepima minyoo kuamua. Walitazama kamba wangapi kwa saa ya kukokota, na nyavu za nani zimekatwa. Kwa hiyo swali lako lategemea ghuba. Kwa Ungwana ningekwambia acha minyoo. Kwa Chwaka au Gazi, fanya, ila kwa adabu.

Dau_la_Mzee:

Haya, nimekubali minyoo ina kazi. Lakini kazi gani hasa? Mbona kila mtu anamwambia namba haifai, halafu anamwambia aendelee?

Fundi_wa_Maabara:

Swali zuri, shekhe.

Inafaa kulinganisha. Ukitumia njia ileile ndani ya ghuba moja, makosa ya P/B na ya asilimia 10 yanakaribiana kila kituo, kwa hiyo ukisema nyasi zile zina chakula cha chaa mara tatu ya mchanga ule, kauli hiyo inasimama hata kama tani zenyewe zinayumba. Inafaa kabla na baada: wakitaka kujenga gati, kuchimba mchanga au kupanua shamba, utajua nini kimepotea. Na inafaa kama dari. Daftari la diko likionyesha changu, chaa na mkundaji wengi kuliko hata kadirio lako la juu, basi ama wanakula kwingine, ama daftari lina mashaka, ama chekeche lako linapitisha chakula.

Na hili la chekeche nilitaka kulisema tangu mwanzo. Milimita 1 ni pana mno kwa kazi yako. Vijikamba na minyoo michanga inapita, na hao ndio chakula cha samaki wadogo. Tumia nusu milimita. Mgongo utauma, tope la mikoko linaziba matundu, lakini ndio kazi.

Kwa kamati mpe tofauti ya maeneo kwa ramani. Sehemu ipi iachwe ipumzike, sehemu ipi isipanuliwe mwani. Idadi ya madema itoke kwenye daftari la diko na kwenye ukubwa wa samaki wanaotua, isitoke kwenye tope.

Mwanaghuba:

Nimeelewa, wakuu. Swali la mwisho, la kiufundi. Sampuli moja ya nyasi imeingia kombe mkubwa. Ile peke yake imepandisha wastani wa kituo kizima. Nimtoe au nimbakishe?

Fundi_wa_Maabara:

Usimtoe kwa sababu amekuudhi, wala usimbakishe kwenye bomba. Bomba la sentimita 10 lina eneo la sentimita za mraba 78.5, kwa hiyo kila kilichomo unakizidisha mara 127 ili ufike mita ya mraba. Mnyoo mmoja ni minyoo 127, hiyo inavumilika. Kombe mwenye nyama ya gramu 2 baada ya kukausha na kutoa majivu anakuwa zaidi ya gramu 250 kwa mita. Bomba linalofuata halina hata mmoja, linasoma sifuri. Zote mbili ni uongo.

Wakubwa wapime kwa fremu. Tengeneza fremu ya nusu mita kwa nusu mita, ipige chini, chimba kwa mkono, okota wote wanaoonekana kwa macho. Bomba liachie wadogo tu. Weka mpaka wa ukubwa kabla hujaingia ghubani, na aliyevuka mpaka usimhesabu kwenye bomba hata akiingia. Kombe mpasue, choma nyama, gamba weka pembeni.

Matumbo ya samaki: wakitoka kwenye dema watie kwenye barafu papo hapo, kwenye joto letu mnyoo unayeyuka tumboni kabla hujafika mjini. Samaki aliyelala demani usiku kucha tumbo lake mara nyingi ni tupu, kwa hiyo tafuta na wa mshipi. Fomalini ichanganye na maji ya bahari, tia boraksi kidogo isile magamba. Lebo andika kwa penseli kwenye karatasi ngumu, itie ndani ya chupa. Kalamu ya wino ikikutana na pombe inafutika, nawe utabaki na chupa arobaini zisizo na kwao.